Darasa Lililouliza Siku ya Mtihani

Kabla sijaanza naomba mnivumilie. Mwandiko wangu umeinama kama uzio uliosukumwa na ng'ombe, na herufi nyingine nimezikosea, kwa sababu nilisoma mpaka darasa la sita tu, na vidole vyangu siku hizi vinauma. Mjukuu wangu alitaka kuniandikia nikakataa. Yeye hunirekebisha hata pale ambapo sikukosea. Basi nimeandika mwenyewe, kidogo leo, kidogo kesho. Ninyi walimu vijana, ambao ndio hasa ninawaandikia, mkishindwa na neno rukeni mbele, maana yake itawafikia.

Siku yangu ya kwanza ya kazi nilishuka gari moshi Molo nikapanda mlima kwa miguu mpaka kwenye shamba moja la mzungu lililolimwa pareto, yale maua ya kutengenezea dawa ya wadudu. Ilikuwa miaka ya hamsini, Hali ya Hatari imeshatangazwa, serikali ikiwawinda waliodai ardhi, na kila Mwafrika alitembea na pasi, yaani kibali chake, mfukoni. Nilikuwa kijana mwenye haya nyingi. Nikizungumza na watu wawili kwa pamoja nilikuwa natazama chini. Sijui kwa nini misheni ilinichagua niwe mwalimu, ila nadhani ni kwa sababu sikuwahi kumjibu mtu yeyote.

Nilifika asubuhi nikakuta shule imefungwa. Ilikuwa nyumba ndefu ya mabanzi, yaani zile mbao za pembeni zinazobaki gogo likipasuliwa, na kati ya banzi na banzi kulikuwa na nafasi ya kupitisha vidole. Hapakuwa na mtoto hata mmoja. Nikakaa juu ya jiwe. Mbele yangu maua ya pareto yalikuwa meupe mpaka ukingoni mwa msitu.

Nyapara wa shamba, mtu mrefu aliyevaa koti la jeshi, akanijia.

"Wewe! Unatafuta nini kwa maua?"

"Mimi ni mwalimu," nikasema.

"Sema tena. Hata maua hayajasikia."

"Mimi ni mwalimu, mzee."

Akacheka. "Wewe mwalimu? Kumbe hata sisi tungesoma. Sasa sikia, hapa shule ni baada ya mizani. Wanafunzi wako wapo huko chini na mama zao wanachuma. Maua yakishapimwa, ndio utawapata."

Hivyo ndivyo shule ya shamba ilivyokwenda, na vijana wa leo hawaijui. Mwenye shamba alitoa nyumba, misheni ikatoa mwalimu, lakini maua yalikuwa na haki ya kwanza. Umande ukikauka watu waliingia shambani na vikapu, mama na watoto. Mchana wakapanga foleni penye mizani. Baada ya hapo mtoto alikuja shuleni akiwa na vumbi la njano kwenye vidole, amechoka, na mara nyingi hajala.

Mwalimu Mkuu nilimkuta nyuma ya shule. Nitamwita Mwalimu Zakayo. Alikuwa ameketi kwenye debe lililopinduliwa, mguu wa msichana mmoja uko kwenye goti lake, anamtoa funza kwa pini. Sikujua nisimame wapi. Akanitazama juu ya miwani yake.

"Umekuja kufundisha?"

"Ndiyo, Mwalimu."

"Vizuri. Shika ule mguu mwingine."

Ndiyo iliyokuwa kazi yangu ya kwanza katika ualimu. Yule msichana aliitwa Chelangat, na alinitazama nikitetemeka na pini mkononi, akamwuliza Mwalimu Zakayo: "Huyu ndiye anaogopa au ni mimi?"

Watoto waliniita Mwalimu Mdogo, na jina hilo likanishika.

Niwaeleze namna Mwalimu Zakayo alivyofundisha, kwa sababu sijaiona tena mahali popote. Alianza na miguu, kisha tumbo. Kila mama aliyeweza alileta konzi ya unga wa posho yake, tukapika uji kwenye debe, na hakuna aliyefungua kitabu kabla ya uji. Baada ya hapo ndipo masomo. Na katika masomo alikuwa na sheria moja iliyonishangaza: hakuna chaki kugusa kibao kabla mtu hajauliza swali. Kibao kilikuwa kile cha jiwe jeusi, cha mtoto mmoja mmoja. Mwalimu Zakayo akisoma hesabu, tuseme mama amechuma vikapu vitatu asubuhi na viwili mchana, watoto walikaa na chaki hewani mpaka mmoja ainue mkono aulize. Vikapu vilikuwa sawa? Mvua ilinyesha? Nani alimsaidia? Swali likishajibiwa na mtoto mwingine, ndipo wote wanaandika.

Mimi ilinisaidia kuliko wao. Mtu mwenye haya hawezi kusimama mbele ya watoto akahubiri, lakini anaweza kungoja swali. Nilisoma sentensi yangu moja, nikanyamaza, na darasa likaendelea lenyewe. Mwaka wa kwanza ulipokwisha nilikuwa nazungumza na darasa zima nikiwatazama machoni. Nyumbani hawakuamini.

Siku moja nilimwuliza kwa nini anapoteza muda hivyo. Tulikuwa tunaosha debe la uji.

"Hawa watoto," akasema, "tangu waamke wanaambiwa. Inama, chuma, beba, nyamaza, ondoka. Mama anaambiwa na nyapara, nyapara anaambiwa na bwana. Nikiwafundisha kusoma tu, watasoma kile walichoandikiwa na mwingine. Nataka mtoto akae mahali, mahali popote pale, hata penye mizani, na ajue kwamba naye yupo. Huo ndio uzima wa mtu. Mengine ni kazi tu."

Nilikubali kwa kichwa. Leo ningemwuliza maswali mengi.

Sasa kulikuwa na mtihani. Wakati ule mtoto alisoma miaka minne, halafu akafanya mtihani wa kuingia darasa la tano, na nafasi zilikuwa chache sana kuliko watoto. Aliyeshindwa, masomo yake yaliishia hapo. Shule yetu ilikuwa haijapeleka mtoto hata mmoja darasa la tano tangu ianzishwe.

Mwaka wangu wa pili pale, Supervaiza alikuja. Supervaiza ndiye aliyezunguka kukagua shule zote za misheni, naye alikuwa Mwafrika mwenzetu, mwenye pikipiki na soksi ndefu mpaka magotini. Alikagua rejista, akakagua azimio la kazi, yaani mpango wa masomo wa muhula, kisha akatuita nje.

"Zakayo, nisikilize vizuri. Bwana wa shamba anaitaka nyumba hii. Maua yamezidi, trei za kukaushia hazina mahali. Nimemwomba, nimempigia magoti karibu. Amesema mtihani wa mwaka huu ukitoa watoto wa darasa la tano, shule ibaki. Usipotoa, anaweka maua."

"Watafaulu," akasema Mwalimu Zakayo.

"Na hii michezo yako ya kuuliza-uliza uiache. Mtihani hauulizwi, mtihani unajibiwa. Tena ujue wakati tulio nao. Askari akipita hapo nje asikie watoto wanauliza hivi, atadhani wewe unawafundisha nini?"

"Atadhani nawafundisha hesabu."

Supervaiza alitikisa kichwa, akapiga teke pikipiki yake ikakataa kuwaka, na ilibidi watoto waisukume. Mmoja wao alimwuliza kwa nini haiwaki. Akamwambia asukume.

Mwalimu Zakayo alichagua kufanya yote mawili. Hakuacha maswali, lakini aliongeza mazoezi: imla, hesabu za kichwa, ramani ya Bonde la Ufa kwa moyo. Hesabu za kichwa ni zile ambazo msimamizi anasoma kwa sauti na mtoto anaandika jibu tu. Wazazi waliambiwa kwamba shule iko hatarini, wakawaachia watoto wa darasa la nne, Chelangat akiwamo, waje asubuhi, na mama zao wakachuma kwa ajili ya wawili. Nyapara aliona, akageuka akatazama upande mwingine, na kwa mtu kama yeye hilo lilikuwa jambo kubwa. Mama yake Chelangat alipita mbele ya shule kila jioni na kikapu tupu kichwani, akisimama kidogo kusikiliza kupitia mabanzi. Ninawaambia ukweli, watoto wale walikuwa wazuri. Nimefundisha miaka mingi baadaye katika shule zenye madirisha ya vioo na sijaona darasa lenye akili nyepesi kama lile.

Siku moja kabla ya mtihani aliwaagiza hivi, nami nilikuwepo: "Kesho usizungumze na jirani yako. Usitazame karatasi yake. Ukitatizika, mwalimu yuko mbele, kama siku zote."

Sikuona kasoro yoyote katika maneno hayo. Wala yeye hakuona.

Msimamizi wa mtihani alikuwa mwalimu wa shule moja ya mjini Nakuru, kijana kidogo kuliko Mwalimu Zakayo, mwenye tai. Hakuwa mtu mbaya. Aliwasalimu watoto, akagawa karatasi, akatuomba sisi wawili tukae mbali, penye uzio, kama sheria ilivyotaka. Lakini shule ile ilikuwa ya mabanzi. Tulisikia kila kitu.

Imla ilipita kimya. Tulisikia sauti ya msimamizi tu na penseli. Mwalimu Zakayo alikuwa ameshika magoti yake. Kisha zikaja hesabu za kichwa.

"Hesabu ya kwanza," msimamizi akasoma. "Mkulima ana magunia kumi na mawili ya mahindi. Anawagawia wafanyakazi wanne sawasawa. Kila mmoja anapata magunia mangapi?"

Kimya. Hakuna penseli iliyosikika. Nilijua wamekaa na penseli hewani. Mwalimu Zakayo naye alijua, maana alisimama.

"Andikeni," msimamizi akasema.

"Mwalimu." Ilikuwa sauti ya Chelangat.

"Nini?"

"Na yeye mkulima mwenyewe hakubaki na gunia?"

Watoto wakacheka kidogo, kicheko cha darasa lililo nyumbani kwake. Mvulana mmoja akadakia: "Mwalimu, na katika wale wafanyakazi wanne hakuna mwenye watoto wengi?"

"Kaeni kimya! Nani amewafundisha siasa?"

"Si siasa, Mwalimu," akasema Chelangat, kwa adabu kabisa, kama mtu anayemsaidia mgeni aliyepotea njia. "Jibu tunalijua, ni matatu. Tunauliza kwanza ndio tuandike."

Walimu mnaonisoma mmeshaelewa. Alikuwa ametaja jibu kwa sauti mbele ya watahiniwa wote.

Tulisikia viatu vya msimamizi vikipita kati ya madawati. Halafu tulisikia karatasi zikikusanywa. Alitoka nje akamwita Mwalimu Mkuu, na uso wake ulikuwa umebadilika. Naamini aliogopa zaidi yetu, kwa sababu yeye ndiye angetakiwa kueleza huko mjini maneno ya kugawana magunia ya mkulima yametoka wapi.

"Umewafundisha nini hawa watoto?"

"Hesabu."

"Mwenzangu, hii si hesabu. Hii ni kesi."

"Wasomee nyingine. Waambie wasiulize, watatii. Dakika moja tu niongee nao."

"Siwezi. Sheria unaijua kama mimi. Jibu likitajwa, mtihani wa darasa zima umeharibika."

"Wanajua, ndugu yangu. Wote wanajua. Umesikia mwenyewe."

"Nimesikia," akasema yule kijana, akafunga mfuko wake wa karatasi kwa kamba. Mimi ndiye niliyemshikia kamba kwa kidole.

Karatasi zile hazikusahihishwa. Supervaiza alikuja akasema maneno machache na hakukubali uji. Baadaye kidogo seremala wa shamba alileta trei za waya, akatoa madawati, akaweka maua. Bwana wa shamba alipita kuangalia, akamwambia Mwalimu Zakayo kwa Kiswahili chao cha wazungu: "Pole, Mwalimu. Maua hapana uliza kitu." Alidhani ni mzaha mwema.

Jioni ya siku ile maua yalipoingia shuleni, wazazi walikuja penye nyumba yetu. Wengi walisimama tu. Mama yake Chelangat ndiye aliyezungumza.

"Mwalimu, nilichuma sehemu yangu na ya mtoto wangu ili nikuachie mtoto. Nilikupa aende tano. Umenirudishia mtoto wa kuuliza. Sasa kesho kule kwa maua ataniuliza mimi. Nitamjibu nini?"

Mwalimu Zakayo alivua miwani.

Alipoondoka nilimsindikiza mpaka stesheni ya Molo, nikibeba sanduku lake. Misheni haikumpa shule nyingine, akapata kazi ya kuhesabu mbao katika kiwanda cha kupasua magogo huko Elburgon, na humo ndimo alimofia, sikusikia mpaka ameshazikwa. Pale stesheni aliniambia: "Mwalimu Mdogo, niliwafundisha kila kitu isipokuwa kwamba kuna walimu wasioulizwa. Sikujua kwamba hilo nalo ni somo."

Mimi nilipelekwa Kariandusi, shule ndogo karibu na machimbo ya lile jiwe jeupe jepesi. Chaki ikiisha tuliandika ubaoni kwa kipande cha jiwe hilo. Mwalimu Mkuu wa huko aliniambia wazi siku nilipofika: "Hapa mtoto hafungui mdomo mpaka aambiwe. Na akiambiwa, wanafungua wote pamoja." Alifundisha kwa wimbo. Tatu mara nne? Kumi na mbili! Kila mtihani alipeleka watoto darasa la tano, na wengine wakafika mbali, wakawa makarani, wauguzi, mmoja hakimu. Wazazi walimletea kuku. Nilimheshimu, na bado namheshimu. Njia yake ndiyo niliyoifuata, kwa sababu ndiyo iliyotakiwa, kutoka shule hiyo mpaka nyingine upande wa Njoro, na kutoka Njoro mpaka Nakuru mjini nilikostaafia. Watoto wangu walifaulu. Darasani palikuwa kimya sana.

Chelangat nilikutana naye nchi ikiwa na uhuru miaka mingi, pale Salgaa, ambapo malori hulala. Niliingia hoteli kunywa chai. Mama mnene mwenye aproni akanikazia macho.

"Mwalimu Mdogo! Bado unaongea kama mtu aliyeficha mandazi mdomoni?"

Madereva wakacheka. Alikaa mezani kwangu, akaacha wateja wajihudumie. Alikuwa amechuma pareto mpaka alipoolewa, akauza chai kando ya barabara, kisha akapata hoteli ile. Kusoma aliweza, hesabu hakuna aliyemdanganya. Nilimwuliza kama anamkumbuka Mwalimu Zakayo kwa wema au kwa ubaya.

"Inategemea siku," akasema. "Nikiona nesi amevaa sare yake nyeupe, namlaani. Nilitaka sana kuwa nesi, ulijua? Lakini siku nyingine dereva ananifokea hapa, au karani wa baraza la kaunti ananiambia ondoka, nami namwuliza, kwa nini? Kwa sheria gani? Umetumwa na nani? Naona anarudi nyuma. Hapo namwombea mzee yule mbinguni." Akafuta meza ambayo haikuwa chafu. "Alitufundisha kuuliza, Mwalimu. Nimeuliza maisha yangu yote. Wenye kujibu ndio sijawaona."

"Na watoto wako?"

"Nimewaambia shuleni wanyamaze, nyumbani waulize." Akacheka, lakini si sana. "Wamezoea kunyamaza. Nyumbani pia hawaulizi."

Sasa nakaa Rhonda, mtaa wa hapa Nakuru, nyuma ya maduka. Vyumba vya jirani vimejaa watoto wanaoamka giza kwenda shule na kurudi giza, migongo imepinda kwa vitabu. Nawasikia wakikariri, na wanakariri vizuri. Mjukuu wangu akipata alama nzuri nafurahi, nampa soda, siwezi kujifanya sijali. Lakini siku moja nilimwuliza ana swali gani juu ya yale aliyosoma, akanitazama kama nimemwomba kitu ambacho hakikununuliwa. "Swali la kufanya?" akaniuliza. "Ni namba ngapi?"

Katika kazi yangu yote nimejua walimu wa namna mbili. Mmoja aliwapa watoto mlango na hakuwapa sauti. Mwingine aliwapa sauti, mlango ukafungwa mbele yao. Nimefikiri mara nyingi kwamba huenda kulikuwa na njia ya tatu, kwamba mtu mwerevu kuliko sisi angeweza kuwalea watoto wale wakaingia darasa la tano na bado wakabaki wao. Mwalimu Zakayo aliamini ipo. Aliikosa kwa sentensi moja aliyosahau kusema, na watoto wa shamba zima wakarudi kwenye maua. Au pengine hakuikosa. Pengine haikuwepo kwa watu kama sisi wakati ule, na hata angewaonya, nafasi zilikuwa chache vilevile. Nalala nikiwa upande mmoja, naamka nikiwa upande mwingine.

Ndiyo maana nimejikaza kuandika na vidole hivi. Ninyi mko madarasani sasa, mimi sipo. Kama kuna mmoja wenu ambaye watoto wake wanauliza na pia wanafaulu, naomba aniandikie anavyofanya, hatua kwa hatua, bila kuona haya kwamba ni jambo dogo. Kama umejaribu ukashindwa, niandikie pia. Barua mpe aliyekupa maandishi haya, atajua pa kuifikisha. Usihofu mwandiko mbaya. Na usinifichie kitu kwa sababu ya heshima ya uzee. Nikisoma nisipoelewa, nitakuuliza.